Kutembea Msitu wa Uingereza: Mwongozo Kamili, Kuanzia Stesheni ya Tring Hadi Ivinghoe Beacon

Wengi wetu tunaoishi Uingereza mashamba yake tunayaona kupitia dirisha la treni tu. Ng'ombe, uzio wa miti, kilima chenye msitu kichwani, kisha mji mwingine. Tunajisemea kwamba kule ni mali ya watu. Kweli ni mali ya watu, lakini katikati ya mali hizo zimepita njia ambazo sheria inazilinda kwa ajili ya yeyote anayekwenda kwa miguu: hakuna kiingilio, hakuna kibali, hakuna wa kukuuliza umetoka wapi. Uingereza na Wales zina kilomita zipatazo 225,000 za njia hizo. Mtu anaweza kuishi hapa miaka ishirini, akalipa kodi yote, asikanyage hata moja, na mimi naliona hilo kuwa hasara kubwa.

Nimechagua sehemu moja na kuieleza kwa kina: Ashridge, kwenye vilima vya Chiltern, mpakani mwa Hertfordshire na Buckinghamshire. Ukishaijua hii, misitu mingine utaisoma mwenyewe. Sababu za kuichagua ni tatu. Treni inakufikisha karibu kabisa. Msitu wake ni wa miti inayopukutisha majani kila mwaka, wenye umri mkubwa na wa kila aina. Halafu ndani ya safari ya siku moja unapata kijiji, msitu, malisho na kilele cha kilima kilicho wazi.

Ardhi hii ilibaki wazi kwa kupiganiwa

Anza na historia, kwa sababu itakusaidia kutembea bila woga. Mwaka 1866 Lord Brownlow, mwenye Ashridge, alizungushia uzio wa chuma sehemu kubwa ya Berkhamsted Common, ardhi ambayo wenyeji walikuwa na haki ya kulishia mifugo na kukata kuni tangu enzi za mababu. Augustus Smith, aliyewahi kuwa mbunge, naye akiwa na haki katika ardhi hiyo, alikodi vibarua wapatao mia na ushei kutoka London. Walisafiri kwa treni ya usiku kutoka Euston, na usiku wa tarehe 6 Machi wakaung'oa uzio ule wote. Kesi iliyofuata ilimalizika mwaka 1870 kwa ushindi wa Smith. Robert Hunter, wakili wa chama kilichokuwa kikitetea ardhi za namna hiyo, ndiye baadaye aliyeungana na Octavia Hill na Hardwicke Rawnsley kuanzisha National Trust, shirika la hisani la kuhifadhi ardhi na majengo, mwaka 1895. National Trust ikaanza kununua ardhi ya Ashridge mwaka 1926, na leo inatunza hekta 2,000 hivi. Kwa hiyo ukiingia pale hujaomba hisani ya mtu.

Hatua ya kwanza: chagua majira

Msitu huu una sura nne, na ukiuona kwa sura moja tu hujaujua.

Majira ya kuchipua ndiyo kilele chake. Kuanzia katikati ya Aprili hadi katikati ya Mei, sakafu ya msitu inafunikwa na maua ya bluubeli, rangi yake kati ya buluu na zambarau, mpaka macho yanashindwa kupata mwisho wake. Karibu nusu ya bluubeli zote duniani zinaota Uingereza na nchi jirani zake za kisiwa hiki. Zinachanua wakati huo kwa sababu ya mwanga: miti bado haijafunga majani, jua linafika ardhini, na ua linawahi kumaliza kazi yake kabla kivuli hakijashuka. Dockey Wood, karibu na Ringshall, ndiyo sehemu maarufu zaidi ya Ashridge kwa maua haya. Katika msimu wake imekuwa na utaratibu wa kiingilio siku za wikendi, kwa hiyo tazama tovuti ya National Trust kabla ya kwenda. Usitoke nje ya njia hata kwa picha. Jani la bluubeli likipondwa haliwezi tena kutengeneza chakula cha kitunguu chake, na mbegu huchukua miaka kama mitano au zaidi mpaka kutoa ua. Kung'oa mmea wowote wa porini bila ruhusa ya mwenye ardhi ni kosa kwa sheria ya mwaka 1981.

Kiangazi kina kivuli kizito, wadudu wengi na siku ndefu. Mwezi Juni jua huzama saa tatu na nusu kasoro usiku. Mwishoni mwa Agosti beri nyeusi zinaiva kwenye vichaka vya miiba, na hizo unaweza kuzichuma na kula pale pale.

Majira ya kupukutika, hasa mwishoni mwa Oktoba na mwanzoni mwa Novemba, ndiyo ninayowashauri wanaokwenda mara ya kwanza na hawapendi umati. Miti ya biichi inageuka rangi ya shaba, na kulungu dume wanakoroma kwa nguvu wakigombea majike.

Majira ya baridi yana faida yake: bila majani unaona umbo la kila mti na mabonde ya ardhi. Lakini mwezi Desemba jua linazama kabla ya saa kumi jioni, na chini ya miti giza linawahi zaidi. Ukienda wakati huo, panga uwe umeshatoka msituni saa tisa.

Hatua ya pili: ramani, na namna ya kuisoma

Hapa naomba utulie, kwa sababu watu wengi huishika simu na kuamini inatosha. Simu inaishiwa chaji, na mtandao kwenye mabonde ya Chiltern ni wa kubahatisha. Nunua ramani ya Ordnance Survey, shirika la ramani la taifa, ya mfululizo wa Explorer, namba 181, inayohusu Chiltern ya kaskazini. Kipimo chake ni 1:25,000, yaani sentimita nne kwenye karatasi ni kilomita moja ardhini, na miraba iliyochorwa juu yake ina upande wa kilomita moja, hivyo umbali unaukadiria kwa kuhesabu miraba tu. Ukitumia programu ya ramani kwenye simu, pakua eneo lote ukiwa nyumbani.

Jifunze alama hizi kabla ya jingine lolote. Vistari vifupi vya kijani ni njia ya miguu yenye haki ya kisheria. Vistari virefu vya kijani ni njia ya miguu, farasi na baiskeli. Almasi za kijani zinaonyesha njia ya kitaifa. Vistari vyeusi vinaonyesha tu kwamba kuna njia ardhini, na pengine huna haki ya kuipita. Hapo ndipo wageni wengi hukosea. Ardhi iliyopakwa manjano hafifu ni ile ambayo sheria ya mwaka 2000 imekuruhusu kutembea popote, hata nje ya njia.

Ukiwa njiani utaona mishale midogo kwenye nguzo na mageti. Mshale wa manjano ni njia ya miguu. Wa buluu unaruhusu pia farasi na baiskeli. Njia za kitaifa zina alama ya tunda la mwaloni. Mishale hiyo ikipotea, rudi mpaka ulipouona wa mwisho kuliko kusonga mbele kwa kubahatisha.

Mistari ya kontua, ile inayounganisha sehemu zenye kimo sawa, nayo ina maana kubwa kwa miguu yako. Ikibanana, mpando ni mkali. Mwaka 1892 William Naismith, mpanda milima wa Uskoti, alitoa kanuni ambayo bado inatumika: hesabu saa moja kwa kila kilomita tano, kisha ongeza saa moja kwa kila mita 600 za kupanda. Kanuni hiyo ni ya mtu mwenye nguvu anayekwenda bila kusimama. Mzunguko wetu una kilomita 14 hivi, na ukiweka matope, chakula, picha na kusimama kusikiliza ndege, utenge saa tano hadi sita.

Hatua ya tatu: mavazi na mkoba

Usivae jinzi. Ikilowa inakuwa nzito, haikauki, na inakunyonya joto. Vaa suruali nyepesi inayokauka haraka, fulana isiyo ya pamba, sweta na koti la mvua juu yake. Uwezo wa kuvua na kuvaa kimoja kimoja ni bora kuliko koti moja zito. Buti ziwe zinazofunika kifundo cha mguu na zenye soli ya meno, kwa sababu udongo wa juu ya vilima hivi ni mfinyanzi uliochanganyika na mawe ya gumegume, na ukilowa unateleza vibaya. Maduka ya hisani mijini huuza buti nzuri zilizotumika kwa bei ndogo. Hakuna haja ya kutumia mshahara wa wiki.

Ndani ya mkoba weka maji lita moja na nusu kwa kila mtu, chakula, soksi za akiba, tochi hata kama ni kiangazi, dira, plasta, kibano chembamba, na mfuko wa kurudishia taka zako zote, maganda ya machungwa yakiwemo. Chupa ya chai ya tangawizi na chapati za jana zinafaa kuliko sandwichi yoyote ya stesheni. Kwa anayeswali, dira inamaliza kazi: kutoka maeneo haya kibla ni kusini-mashariki, digrii 119 hivi, na juu ya kilima mahali pa kutandika mswala hapakosekani.

Mweleze mtu aliyebaki nyumbani unakwenda wapi na unarudi saa ngapi. Kama hupendi kwenda peke yako, vipo vikundi vya kutembea vinavyopokea watu wetu kwa mikono miwili, kikiwemo Black Girls Hike, cha wanawake Weusi, kilichoanzishwa na Rhiane Fatinikun mwaka 2019, na Muslim Hikers.

Hatua ya nne: kutoka stesheni hadi kijijini

Panda treni London Euston, saa tatu asubuhi au mapema zaidi, shuka Tring. Safari ni ya dakika 40 hivi. Stesheni hii iko mbali na mji wa Tring wenyewe, na kwetu hiyo ni neema, kwa sababu ukitoka tu umeshafika mashambani. Tumia choo cha stesheni kama kimefunguliwa.

Shika uelekeo wa mashariki kwenda Aldbury. Ramani itakuonyesha njia ya miguu inayoiacha barabara na kukata mashamba, ifuate. Hapa utakutana na mageti ya aina mbili. Lipo linalobembea ndani ya kizimba kidogo, mtu mmoja mmoja anapita na mnyama hapiti. Kuna pia ngazi ya mbao ya kuruka uzio: panda ukiwa umeshika nguzo, maana mbao zina ukungu na zinateleza. Geti la shamba liache ulivyolikuta, lililofungwa lifunge, lililoachwa wazi liache, kwa kuwa mkulima anaweza kuwa ameliacha wazi ili mifugo ifikie maji.

Njia ikipita katikati ya ngano, pita katikati ya ngano. Mkulima anawajibika kuiacha wazi, na kuizunguka kwa pembeni huharibu mimea mingi zaidi. Tembeeni mstari mmoja.

Aldbury ni kijiji kidogo chenye kidimbwi cha bata katikati, na kando yake bado umesimama mkatale wa kufungia miguu ya wahalifu pamoja na nguzo ya kuchapia viboko. Kuna baa zinazouza chakula na chai. Unaagiza kaunta mwenyewe, unalipa hapo hapo, na hakuna anayekulazimisha pombe. Futa buti zako mlangoni. Ukipishana na mtu, kijijini au msituni, salimia wewe kwanza. Wapo watakaokutazama kwa mshangao kidogo, na salamu ya kwanza huumaliza mshangao huo mara nyingi kuliko tunavyofikiri.

Hatua ya tano: kuingia msituni na kuusoma

Kutoka kijijini njia inapanda moja kwa moja ndani ya miti. Mpando ni mkali, nenda taratibu. Juu yake utakuta mnara wa Bridgewater, nguzo ya mawe iliyojengwa mwaka 1832 kumkumbuka Francis Egerton, Duke wa tatu wa Bridgewater (cheo cha kikabaila), aliyetajirika kwa kuchimba mfereji wa kusafirishia makaa ya mawe. Karibu na mnara kuna kituo cha wageni, mgahawa na choo. Jumapili yenye jua hapo panajaa. Ukitembea dakika kumi tu kuelekea kaskazini, umati unaisha.

Sasa simama. Kosa kubwa la watu wanaoanza ni kuupita msitu kwa mwendo wa kuwahi basi. Tafuta gogo, kaa dakika kumi, simu mfukoni. Ndege walionyamaza ulipofika wataanza tena, na kindi wa kijivu watashuka. Kindi hao asili yao ni Amerika Kaskazini, waliletwa Uingereza karne ya 19 na wamewafukuza kindi wekundu wa asili karibu nchi nzima.

Ukishatulia, jifunze miti mitano. Hiyo inatosha kwa siku ya kwanza.

Biichi ndiyo malkia wa Chiltern. Gome lake ni laini na la kijivu, na shina kuukuu linakunjamana pale tawi linapotoka, kama ngozi ya mguu wa tembo. Kivuli chake ni kizito mno, ndiyo maana chini yake huna mimea mingi, ni majani makavu na uyoga tu. Miti hii mingi ilipandwa au kutunzwa kwa ajili ya kuni na samani. Karne ya 19 mafundi wa Chiltern walichonga miguu ya viti humu humu msituni, na viti hivyo vilikusanywa katika viwanda vya High Wycombe.

Mwaloni una gome lenye mifereji mirefu na jani lenye kingo za mawimbi. Hakuna mti wa nchi hii unaohifadhi viumbe wengi kuliko huu. Chini yake kuna mwanga zaidi, kwa hiyo tazama ardhini pia.

Eshi utaitambua majira ya baridi kwa machipukizi yake meusi yaliyokaa wawili wawili. Mti huu unakufa. Ugonjwa wa kuvu uliothibitishwa Uingereza mwaka 2012 umeenea nchi nzima, na utaona vilele vilivyokauka na matawi yaliyovunjika. Inasikitisha kuuona msitu ukipoteza jamaa yake mbele ya macho yako. Kwa usalama, usile chakula chini ya eshi iliyokauka, na siku ya upepo mkali usiingie msituni kabisa.

Hezeli haina shina moja, ina mashina mengi membamba yanayotoka kwenye kisiki kimoja. Hiyo ni kazi ya mikono ya watu. Kwa karne nyingi walikata hezeli mpaka chini kila baada ya miaka saba hadi kumi, ikachipua upya, wakapata fito za uzio na kuta za nyumba. Mti uliokatwa hivi huishi miaka mingi kuliko ulioachwa. Palipokuwa na mifugo, watu walikata miti kama biichi juu zaidi, mita mbili au tatu, ili mbuzi na ng'ombe wasifikie machipukizi. Matokeo yake ni majitu ya ajabu yenye shina nene fupi na matawi makubwa yanayotawanyika kutoka kichwani. Yako mengi Frithsden Beeches, upande wa Berkhamsted, ambako unaweza kwenda siku nyingine.

Wa tano ni holi, mti mfupi wa majani mazito yenye miiba, usiopukutisha. Majira ya baridi ndege wengi hulala ndani yake.

Unataka kujua umri wa mti? Zungusha kamba kwenye shina, kimo cha mita moja na nusu kutoka ardhini, kisha pima urefu wa kamba. Mti uliokua peke yake uwanjani huongezeka kama sentimita 2.5 kwa mwaka. Uliobanwa na wenzake msituni huongezeka karibu nusu ya hapo. Shina lenye mzunguko wa mita tatu, basi, ni kama miaka 120 uwanjani, na kama 240 msituni. Ni makadirio, lakini yanabadilisha namna unavyoutazama mti huo.

Msitu wenyewe nao una umri. Hapa Uingereza msitu unaitwa wa kale kama umekuwepo bila kukatika tangu mwaka 1600 au kabla. Misitu hiyo imebaki kwenye asilimia 2.5 hivi tu ya ardhi ya Uingereza, Uskoti, Wales na Ireland ya Kaskazini kwa pamoja. Ishara zake utaziona kwa miguu: zulia la bluubeli, maua meupe ya anemone mwezi Machi, tuta na handaki la kuukuu kwenye mpaka wa msitu.

Kwa wanyama, kulungu wenye madoa meupe ndio utakaowaona mara nyingi Ashridge, wakiwa makundi. Muntjaki ni mdogo, mgongo umepinda, asili yake China, na ukisikia kitu kinabweka vichakani wakati hakuna mbwa, ndiye. Juu angani tazama mwewe mwekundu, mkia wake una panda. Mwewe huyu alikuwa ametoweka kabisa England. Kati ya 1989 na 1994 walirudishwa Chiltern kwa makinda yaliyoletwa kutoka Hispania, na leo hakuna siku utakayokosa kumwona. Na ukibahatika kumsikia kekeo mwezi Mei, kumbuka kwamba amefika juzi: vifaa vya setilaiti ambavyo watafiti wa ndege wa Uingereza walianza kuwafunga mwaka 2011 vinaonyesha kwamba majira ya baridi wanayapitisha kwenye misitu ya Kongo. Mbayuwayu wanaoruka juu ya malisho nao wametoka Afrika.

Neno moja kuhusu uyoga. Wengi wetu tumekua tukiokota uyoga na mama zetu, na tunajiamini. Acha. Chini ya mialoni na biichi za hapa unaota uyoga wa kofia ya kijani hafifu uitwao kofia ya mauti. Mmoja unatosha kuua ini la mtu mzima, na unafanana na wa kula. Ujuzi wa kwetu hauvuki bahari katika jambo hili.

Hatua ya sita: kutoka kwenye miti kwenda kileleni

Kutoka mnarani fuata njia ya ukingo wa kilima kuelekea kaskazini, kilomita tano au sita, kushoto kwako bonde likionekana kati ya miti. Msitu unakwisha ghafla, unatokea kwenye majani mafupi. Udongo umebadilika: juu kulikuwa na mfinyanzi, hapa ni chokaa tupu, maji hayakai, na maua ni mengine kabisa. Aprili na Mei kuna maua ya manjano ya primula, baadaye okidi. Kondoo na ng'ombe wanaolishwa hapa ndio wanaozuia vichaka visiyafunike.

Ivinghoe Beacon ina kimo cha mita 230 hivi, na juu yake kuna mabaki ya ngome ya watu wa enzi ya chuma. Ndipo inapoishia Ridgeway, njia ya kitaifa ya kilomita 139 inayoanzia Overton Hill, karibu na Avebury. Tazama mashariki utaona simba mkubwa mweupe kwenye mteremko: amechorwa kwa kufukua chokaa mwaka 1933 kutangaza bustani ya wanyama ya Whipsnade. Kula hapa kama upepo unaruhusu.

Kuhusu ng'ombe, hata kama umekulia kwa wafugaji. Ng'ombe wa hapa hawajui fimbo wala mluzi wako. Usipite kati ya mama na ndama, wazunguke kwa mbali. Ndama wakubwa hukimbilia watu kwa udadisi tu. Simama, nyoosha mikono, tembea taratibu, usikimbie. Ukiwa na mbwa na ng'ombe wakakuvamia, mwachie kamba, wanamtaka yeye na atawashinda kwa mbio.

Rudi kwa Ridgeway: Steps Hill, bonde la Incombe Hole, Pitstone Hill, kisha msitu wa Aldbury Nowers, mpaka stesheni. Ukiwa Pitstone Hill utaona chini kinu cha upepo cha mbao. Ndani yake kuna mwaka 1627 uliochongwa, na ni miongoni mwa vinu vikongwe zaidi nchini. Fuata alama ya tunda la mwaloni, hutapotea.

Mtu akiumia piga 999. Ukitumia ramani ya Explorer, soma herufi mbili za eneo na tarakimu sita za miraba zinazoonyesha mahali ulipo. Zinawafikisha waokoaji ndani ya mita 100.

Hatua ya saba: ukifika nyumbani

Vua nguo zote, kagua mwili. Kupe wa misitu hii wana milimita moja au mbili, wanapenda nyuma ya magoti, kwapani, kinenani, na kwa watoto kichwani na nyuma ya masikio. Ukimkuta, mshike kwa kibano karibu kabisa na ngozi, mvute juu polepole bila kumsokota. Usimchome kwa moto, usimpake mafuta. Osha kwa sabuni, andika tarehe. Baadhi yao wana vijidudu vya ugonjwa wa Lyme. Dalili ya kawaida ni alama inayotanuka kwenye ngozi, mara nyingi kati ya wiki moja na nne baada ya kuumwa. Vitabu vingi huionyesha nyekundu juu ya ngozi nyeupe. Kwenye ngozi yetu inaweza kuonekana kama alama ya kuvilia damu, kwa hiyo daktari anaweza kuikosa. Mwambie wazi kwamba ulikuwa msituni, mtaje kupe, mwonyeshe tarehe. Homa na uchovu usioeleweka bila alama yoyote pia vinatosha kwenda kumwona. Dawa za antibayotiki hutibu ugonjwa huu vizuri ukiwahiwa.

Sugua matope kwenye buti kabla ya kwenda msitu mwingine, kwa kuwa udongo hubeba magonjwa ya miti kutoka mahali hadi mahali.

Ukiishi mbali na Tring

London mashariki, panda Central line hadi Loughton uingie Epping Forest, iliyolindwa kwa sheria ya mwaka 1878. Slough na Reading, nenda Burnham Beeches, iliyonunuliwa na Jiji la London mwaka 1880, yenye biichi na mialoni ya ajabu. Birmingham, Wyre Forest iko karibu na Bewdley. Bristol ina Leigh Woods ng'ambo ya daraja la Clifton, na Sheffield ina Ecclesall Woods ndani ya mji wenyewe. Leicester, ambako Kiswahili kimezungumzwa madukani tangu familia za Kihindi zilipowasili kutoka Uganda, Kenya na Tanzania, ina Swithland Wood upande wa kaskazini-magharibi: mialoni, bluubeli za mwezi Mei, na mashimo mawili ya zamani ya kuchimbia mawe ya kuezekea, sasa yamejaa maji. Mashimo hayo yamezungushiwa uzio. Watoto washikeni mikono.